Nasaba Ndani ya Kompyuta: Jinsi ya Kulifungua Faili la Ukoo kwa Programu ya Bure

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, toka Kibondo hadi Kasulu na Muyama, mgeni akipiga hodi haulizwi kwanza anafanya kazi gani. Huulizwa ametoka wapi, ni mtoto wa nani, na ni wa ukoo upi. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha kama apewe heshima ya mjomba au ya shemeji, na kama kijana aweza kuposa katika nyumba ile au ni mwiko. Kwa muda mrefu maarifa haya hayakuandikwa kitabuni. Yalihifadhiwa katika vichwa vya wazee, na kila kizazi kiliyapokea kwa kusikiliza.

Karne ya 20 iliwatawanya wenye maarifa hayo. Enzi ya ukoloni wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wala si wote waliorudi. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu katika kaya zilizotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa, mbali na makaburi ya babu zao. Aidha, mpaka wa Tanzania na Burundi unapita kati ya watu ambao lugha zao, Kiha na Kirundi, zinakaribiana sana. Tena katika miaka ya 1990 kambi za wakimbizi za Kibondo na Kasulu, mathalani Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, zilipokea watu wengi waliokuwa wamepotezana na jamaa zao. Kwa hiyo mwalimu wa historia anapowaagiza wanafunzi waandike nasaba za koo zao, kazi hiyo hugusa mambo mazito kuliko alama za mtihani.

Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa kwa programu maalumu za nasaba. Mwandishi huingiza jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa, wazazi na watoto, na programu humchorea mti wa ukoo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo makala hii inakusudia kulijibu. Taarifa zilizokusanywa kwa taabu kutoka kwa wazee, zikishaingia katika faili la programu, ziko mikononi mwa nani? Programu ikitoweka, je, wenye ukoo wataweza kuzisoma? Tutaonyesha kwamba mara nyingi faili la nasaba halikufungwa kwa kufuli. Ndani yake mna majedwali ya kawaida, na mwanafunzi wa sekondari mwenye kompyuta moja na programu isiyouzwa aweza kuyafungua, kuyasoma na kuyauliza maswali yake mwenyewe.

PROGRAMU HUFA

Mtu anayenunua daftari hahofu kwamba mwenye kiwanda akifunga kazi, maandishi yake yatafutika. Kwa programu za kompyuta mambo si hivyo. Personal Ancestral File ilitolewa bure kwa miaka mingi na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na ilitumiwa na watu wengi duniani. Mwaka 2013 iliachwa rasmi. The Master Genealogist, iliyopendwa na watafiti makini, iliacha kuendelezwa mwaka 2014. Majedwali yake yaliandikwa kwa muundo wa FoxPro, ambao nao kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mwaka 2015. Mwezi Desemba mwaka huohuo kampuni ya Ancestry ilitangaza kwamba itaacha kuuza Family Tree Maker. Miezi michache baadaye kampuni nyingine ikaichukua, lakini watumiaji walikuwa wameshaonja wasiwasi.

Katika mifano yote hiyo mafaili hayakuungua. Yalibaki katika diski kama yalivyokuwa. Kilichopungua ni uwezo wa kuyasoma: kompyuta ya zamani inachakaa, mpya inakataa kuendesha programu ya zamani, na nasaba ya vizazi saba inabaki kama barua iliyoandikwa kwa hati ambayo hakuna aijuaye. Kwa hiyo anayeanza kuandika ukoo wake leo hana budi kujiuliza, kabla ya kuchagua programu, kama faili lake litasomeka bila programu hiyo.

MAJEDWALI NA FUNGUO ZAKE

Ili kufahamu kilichomo ndani ya faili, tutazame ofisi ya shule. Mwalimu mkuu ana rejista ya wanafunzi, mhasibu ana daftari la ada, na mwalimu wa taaluma ana orodha ya alama. Si lazima kila daftari lirudie jina la mzazi, kijiji na tarehe ya kuzaliwa. Inatosha kila moja liwe na namba ya usajili ya mwanafunzi. Kwa namba hiyo mtu aweza kuvuka kutoka daftari moja hadi jingine bila kupotea.

Wazo la kuhifadhi taarifa katika majedwali yanayounganishwa kwa namba namna hii liliwekewa misingi ya kihisabati na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Makala yake ilichapishwa mwaka 1970. Hazina ya taarifa iliyopangwa hivyo huitwa kanzidata. Lugha ya kuiuliza maswali, ijulikanayo kwa herufi SQL, ilitungwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo mwaka 1974, na inatumika hata leo.

Zamani kanzidata zilihitaji mashine kubwa na wataalamu wa kuzitunza. Mwaka 2000 D. Richard Hipp alitoa SQLite, kanzidata ndogo ambayo majedwali yake yote hukaa katika faili moja tu. Hakuidai haki ya kuimiliki. Aliiachia umma, na mtu yeyote aweza kuitumia bila malipo. Leo imo katika simu nyingi tunazozitembeza mifukoni. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka miongoni mwa miundo inayopendekezwa kuhifadhia data kwa muda mrefu.

Programu kadhaa za nasaba hutumia SQLite. Mojawapo ni RootsMagic ya Marekani, ambayo imeitumia tangu toleo lake la 4 la mwaka 2009. Programu hiyo huuzwa, ingawa lipo toleo dogo lisilolipiwa. Mafaili yake ya zamani huishia kwa herufi .rmgc, na yale ya toleo la 8 na yanayofuata huishia kwa .rmtree. Miishio hii huwababaisha watu wakadhani ni muundo wa siri. Sivyo. Faili lolote la SQLite la siku hizi huanza kwa maneno haya, ambayo yanaonekana hata likifunguliwa kwa programu ya kuandikia maandishi matupu: SQLite format 3. Mwanafunzi akiyaona maneno hayo mwanzoni mwa faili, ajue amekwishaupata mlango.

HATUA ZA KULIFUNGUA

Chombo tutakachotumia ni DB Browser for SQLite, programu ya bure yenye madirisha na vitufe, inayofanya kazi katika kompyuta za kawaida za shule. Hatua ni hizi:

1. Funga programu ya nasaba, kisha toa nakala ya faili. Fanya kazi juu ya nakala tu. Faili lenyewe libaki mahali pake bila kuguswa.

2. Fungua DB Browser na uchague amri ya kufungua kanzidata kwa kusoma tu. Ukitumia amri hiyo, hata mkono ukiteleza hutaweza kubadili kitu.

3. Katika orodha ya mafaili huenda faili lako lisionekane, kwa sababu programu huonyesha kwanza miishio inayoijua. Iamuru ionyeshe mafaili yote.

4. Faili likifunguka utaona orodha ya majedwali. Tazama kwanza muundo wao, kisha uyatazame yenyewe, na mwisho uingie ukurasa wa kuandikia maswali.

Katika faili la RootsMagic majedwali ni mengi, lakini ya msingi ni manne. PersonTable lina mstari mmoja kwa kila mtu, pamoja na namba yake na jinsia yake. Mwanamume huandikwa 0, mwanamke 1, na asiyejulikana 2. NameTable lina majina. Limetengwa kwa sababu mtu mmoja aweza kuwa na majina mengi: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani. Safu ya OwnerID hutaja namba ya mwenye jina, na safu ya IsPrimary huwa na 1 kwa jina lililo kuu. FamilyTable huweka pamoja namba ya baba na ya mama. ChildTable huonyesha ni mtoto yupi aliye wa familia ipi.

MFANO: SOKWE WA GOMBE

Ili tusiianike familia ya mtu gazetini, tutachukua nasaba ambayo imekwisha kutangazwa hadharani, tena ya mkoa huuhuu: ya sokwe mtu wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alianza utafiti wake huko mwezi Julai 1960, na Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Yeye na wasaidizi wake waliwapa sokwe majina badala ya namba, na watoto wa mama mmoja walipewa majina yanayoanza kwa herufi ya jina la mama yao. Hivyo watoto wa Flo waliojulikana ni Faben, Figan, Fifi, Flint na Flame. Flo alikufa mwaka 1972, na Flint akamfuata wiki chache baadaye. Fifi alizaa watoto tisa, wa kwanza Freud mwaka 1971 na wa pili Frodo mwaka 1976. Yeye mwenyewe alitoweka mwaka 2004.

Tuseme mwanafunzi ameingiza nasaba hii katika RootsMagic kwa mfuatano huu: Flo namba 1, Faben 2, Figan 3, Fifi 4, Flint 5, Flame 6, Freud 7 na Frodo 8. Akifungua FamilyTable atakuta familia ya kwanza ina mama namba 1, na ya pili ina mama namba 4. Katika safu ya baba atakuta 0 mara zote mbili. Katika ChildTable watoto 2, 3, 4, 5 na 6 ni wa familia ya kwanza. 7 na 8 ni wa familia ya pili. Fifi anaonekana pote: ni mtoto katika familia ya kwanza na mama katika ya pili. Kwa namna hiyo vizazi huunganishwa.

Sasa tuulize: watoto wa Fifi ni nani na walizaliwa lini? Swali huandikwa hivi:

SELECT n.Given, n.BirthYear
FROM FamilyTable f
JOIN ChildTable c ON c.FamilyID = f.FamilyID
JOIN NameTable n ON n.OwnerID = c.ChildID
WHERE f.MotherID = 4 AND n.IsPrimary = 1
ORDER BY n.BirthYear;

Kwa Kiswahili: chagua jina na mwaka wa kuzaliwa; anza na jedwali la familia; liunganishe na la watoto kwa namba ya familia; liunganishe na la majina kwa namba ya mwenye jina; chukua familia ambazo mama yake ni namba 4 na majina yaliyo makuu tu; panga kwa mwaka. Jibu litakuwa mistari miwili: Freud 1971, Frodo 1976.

Ile 0 ya safu ya baba yastahili kuangaliwa kwa makini. Haina maana kwamba sokwe hao hawakuwa na baba. Maana yake ni kwamba mwandishi hakumjua. Huko Gombe jike hupandwa na madume kadhaa, hivyo kwa miaka mingi mama alijulikana kwa kutazamwa lakini baba alibaki fumbo. Ni mwaka 2001 tu yalipochapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba, vilivyopatikana bila kuwashika wanyama, kwa mfano kutoka kinyesi chao. Ndipo baba za baadhi ya sokwe wakatambulika. Hali kadhalika, watoto walioandikwa katika familia moja yenye baba 0 si lazima wawe wa baba mmoja. Anayesoma kanzidata lazima atofautishe «haijulikani» na «hakuna», kwani kwa mashine vyote viwili vyaweza kuonekana sawa.

KIKWAZO CHA RMNOCASE

Mwanafunzi akijaribu kuyapanga majina kwa alfabeti, au kumtafuta mtu kwa jina, atakumbana na kizuizi. Baadhi ya programu zitasimama na kudai kwamba hazijui mpangilio uitwao RMNOCASE. DB Browser hutoa onyo kwamba jedwali linahitaji kanuni ya mpangilio isiyokuwa nayo, na huuliza kama iendelee.

Sababu yake ni hii. Ili kupanga maneno, kanzidata inahitaji kanuni: je, herufi kubwa na ndogo ni sawa? Herufi zenye alama juu yake zikae wapi? Waandishi wa RootsMagic walitunga kanuni yao, wakaiita RMNOCASE, nayo imo ndani ya programu yao tu. Faili linaitaja kwa jina lakini halikuibeba. Ni sawa na kitabu kinachosema «tazama kamusi ya mwandishi», na kamusi yenyewe imebaki nyumbani kwa mwandishi.

Dawa yake ni nyepesi. Katika swali lako itaje kanuni ambayo SQLite inayo yenyewe, yaani NOCASE, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo za Kilatini:

SELECT Given, Surname FROM NameTable
ORDER BY Given COLLATE NOCASE;

Kwa majina ya Kiswahili na ya Kiha kama yanavyoandikwa kwa kawaida, kanuni hiyo inatosha. Lakini yatupasa kuonya: dawa hii ni ya kusomea. Mtu akiandika majina mapya katika faili kwa kanuni ya kuazima, fahirisi za faili zaweza kuvurugika, na programu yenyewe ikashindwa kuwapata watu waliomo. Ndiyo sababu tulisisitiza nakala na kusoma tu.

MJOMBA NA BABA MDOGO

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini nihangaike na majedwali ilhali programu yanichorea mti mzuri? Jibu moja ni lile la usalama tuliloeleza. La pili ni kubwa zaidi, nalo lahusu lugha na desturi zetu.

Programu hizi zilitungwa na watu ambao neno lao moja huwabeba kaka wa baba na kaka wa mama pamoja. Kwetu mmoja ni baba mdogo au baba mkubwa, na mwingine ni mjomba. Haki na wajibu wao si mamoja, arusini wala msibani. Mtu akitegemea maneno ya kwenye kioo tu, tofauti hiyo itamezwa. Lakini tumekwisha kuona kwamba ndani ya majedwali halimo neno la namna hiyo hata moja. Mna mzazi na mtoto tu. Majina mengine yote ya udugu hupatikana kwa kufuata njia, na njia hiyo twaweza kuichora wenyewe.

Tumtafutie Freud wajomba zake. Tunaanza na namba 7 katika ChildTable. Iko familia ya 2. Mama wa familia ya 2 ni namba 4, Fifi. Tunarudi katika ChildTable kumtafuta Fifi kama mtoto. Yuko familia ya 1. Watoto wengine wa familia hiyo ambao jinsia yao ni 0 ni Faben, Figan na Flint. Hao ndio wajomba wa Freud. Flame, ambaye jinsia yake ni 1, ni mama mdogo wake. Kama katika hatua ya pili tungeipitia safu ya baba badala ya mama, tungewapata baba wakubwa na baba wadogo, na kwa jinsia ya 1, mashangazi. Tofauti ya mjomba na baba mdogo, kwa lugha ya kanzidata, ni kuchagua MotherID au FatherID.

Ndoa ya wake wengi nayo haina taabu. Mume mwenye wake wawili huwa na mistari miwili katika FamilyTable: namba ya baba ni ileile, za mama ni mbalimbali. Swali moja litatoa watoto wote wa baba. Jingine litawatenga kwa nyumba zao.

MAJINA MATATU NA MIAKA ISIYO NA TARAKIMU

Panapoleta shida ni safu ya Surname, yaani jina la familia linalorithiwa bila kubadilika. Katika rejista za shule zetu mwanafunzi huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Jina la tatu hubadilika katika kila kizazi. Tukiliweka katika safu hiyo, mtoto na baba yake wataonekana kama watu wa familia mbili, na programu itaugawa ukoo mmoja vipande vipande.

Twapendekeza utaratibu huu. Katika Given andika jina la mtu mwenyewe peke yake. Katika Surname andika jina la baba. Jina la ukoo liingizwe kama taarifa ya aina ya pekee, kwa kuwa RootsMagic humruhusu mtumiaji kutunga aina mpya za taarifa, na aina hiyo yaweza kuitwa «Ukoo». Utaratibu huu una faida isiyotarajiwa: nasaba huweza kujikagua. Jina la pili la mtoto lapaswa kulingana na jina la kwanza la baba. Wasiolingana hupatikana hivi:

SELECT m.Given, m.Surname, b.Given
FROM ChildTable c
JOIN FamilyTable f ON f.FamilyID = c.FamilyID
JOIN NameTable m ON m.OwnerID = c.ChildID
JOIN NameTable b ON b.OwnerID = f.FatherID
WHERE m.IsPrimary = 1 AND b.IsPrimary = 1
AND m.Surname COLLATE NOCASE <> b.Given COLLATE NOCASE;

Kila mstari utakaotokea ni swali la kurudi nalo kwa mzee, wala si kosa la kusahihishwa papo hapo. Huenda mwandishi alikosea herufi. Huenda pia mtoto aliandikishwa shule kwa jina la baba mdogo aliyemlea. Mashine huonyesha penye mwanya. Sababu yake anaijua mwenye ukoo.

Tarehe nazo zahitaji uangalifu. RootsMagic huhifadhi tarehe ya tukio kama msururu wa alama 24. Mwezi Machi 1964, mathalani, huanza kwa D.+196403. Lakini mzee wa Kasulu aweza kukuambia kwamba mtoto «alizaliwa tulipokuwa tukihamia kijijini wakati wa Operesheni». Mwanafunzi akiandika 1972 na kuishia hapo, ameongeza uhakika ambao mzee hakuutoa, na amefuta ushahidi ambao alimpa. Aandike mwaka kama wa kukadiria, kisha katika safu ya maelezo ya tukio aweke maneno ya mzee kama alivyoyatamka, pamoja na jina la msimuliaji na tarehe ya mazungumzo. Sifa ya kanzidata njema ni kumwezesha anayekuja baadaye kupima upya.

MAFAILI YA AINA NYINGINE

Si kila faili la nasaba ni SQLite. Kwa hayo mengine ipo njia ya pamoja iitwayo GEDCOM, iliyotungwa mwaka 1984 na lile kanisa tulilolitaja. Ni maandishi matupu, na kila mstari huanza kwa namba ya ngazi. Fifi angeandikwa hivi:

0 @I4@ INDI
1 NAME Fifi
1 SEX F

Karibu programu zote za nasaba huweza kutoa na kupokea GEDCOM, na hata ikikosekana programu, jicho la binadamu laweza kuisoma. Hasara yake ni kwamba mambo ambayo programu moja imejitungia yenyewe huweza kupotea njiani.

Ipo pia Gramps, programu ya nasaba ambayo ni ya bure moja kwa moja, iliyoanzishwa mwaka 2001. Matoleo yake ya siku hizi hutumia SQLite, lakini kwa miaka mingi taarifa ziliwekwa ndani ya majedwali zikiwa zimefungwa kama vifurushi vya lugha ya Python, visivyosomeka kwa macho. Ni katika toleo la 6.0 la mwaka 2025 ndipo zilipoanza kuwekwa kwa maandishi yanayosomeka. Hapa tunajifunza kwamba mlango kufunguka ni jambo moja, na vyombo vya ndani kuwa wazi ni jambo jingine.

HADHARI

Aliye na uwezo wa kufungua faili ana uwezo pia wa kuanika siri. Programu ya nasaba huweza kuficha taarifa za watu walio hai inapochapisha mti wa ukoo, lakini majedwali hayafichi chochote. Mtoto wa nje ya ndoa, ugonjwa, ndoa iliyovunjika, mtu aliyevuka mpaka usiku: yote yanasomeka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kukusanya na kusambaza taarifa za watu. Kabla ya sheria hiyo, hata hivyo, ilikuwapo adabu ya kumwomba mzee ruhusa, na kunyamaza pale alipokuambia kwamba jambo hilo ni la kwako tu. Faili la ukoo lisizungushwe darasani pasipo idhini ya wenyewe. Kwa mazoezi, sokwe wa Gombe wanatosha.

Kwa upande wa uhifadhi, shule iweke nakala tatu za kila nasaba: faili lenyewe, GEDCOM yake, na orodha iliyochapwa katika karatasi. Karatasi ikabidhiwe kwa familia, nayo iandikwe kwa lugha wanayoisoma. Mzee aliyetoa majina ya babu zake saba anastahili kuyaona yamerudi nyumbani kwake, na kuyasahihisha kwa kalamu pale yalipopotoka.

MAZOEZI YA DARASANI

1. Ingiza nasaba ya Flo na Fifi katika programu ya nasaba, kisha fungua nakala ya faili kwa DB Browser. Je, namba zako ni zilezile za makala hii? Kama sivyo, eleza ni kwa nini.

2. Andika swali la SQL litakalomtafuta bibi mzaa mama wa Frodo. Ulipita katika majedwali mangapi?

3. Andika maswali mawili, moja la wajomba na moja la baba wadogo na wakubwa. Onyesha mahali yanapotofautiana. Je, kanzidata yahitaji taarifa gani zaidi ili kumtenga baba mdogo na baba mkubwa?

4. Mwulize mzee mmoja wa jirani, kwa ridhaa yake, matukio matatu ambayo watu wa kijiji chenu huyatumia kukadiria miaka ya kuzaliwa. Linganisha majibu ya darasa zima, na mtengeneze jedwali lake.